Kaka Yangu Amejitenga na Chama cha Watu Wetu Huko Columbus. Nimrudishe?

Bi Mshauri, shikamoo. Assalaam alaykum.

Mimi ni mwanamke wa miaka 46, ninaishi Ngamiani hapa Tanga na ninajipatia riziki kwa kupika maandazi, vitumbua na mihogo ya nazi ya asubuhi. Nilizaliwa kando ya mto Juba nchini Somalia, katika Wazigua ambao njaa na utumwa viliwatoa nchi hii zama za mababu, na ambao huko waliitwa Wabantu wa Somalia. Vita vilipotufikia mwaka 1991 familia yetu ilikatika vipande viwili. Mama, mimi na mdogo wetu tulifika Tanga, tukakaa katika kambi ya Mkuyu kule Handeni, na mwaka 2003 tukahamishiwa Chogo, ambako mama anaishi mpaka leo. Kaka yetu mkubwa, aliyebaki nyuma kumtafuta baba, alitokea Dadaab nchini Kenya, akapelekwa Kakuma, na mwaka 2004 yeye na mkewe wakachukuliwa kwenda Marekani. Anaishi Columbus, katika jimbo la Ohio. Ana miaka 52, anafanya kazi ya usiku ya kupakia mizigo ghalani, na ana watoto watatu waliozaliwa hukohuko, mkubwa wao akiwa binti wa miaka 16.

Wifi yangu alifariki dunia mwaka juzi baada ya kuugua kwa muda mrefu. Wakati wa ugonjwa ule kaka alikuwa amelimbikiza ada ya miezi minane katika chama cha watu wetu, ambacho wanachama wake huchanga kila mwezi kwa ajili ya kuzikana na kusaidiana. Hata hivyo msiba ulipotokea chama kilisimama naye: akina mama walimwosha marehemu na kumkafini, wanaume wakagharamia kaburi, na kwa siku saba nyumba ile haikuwasha jiko kwa sababu chakula kililetwa. Kaka mwenyewe ndiye aliyenieleza haya huku akilia. Lakini hata siku arobaini hazijatimia, katika mkutano wa chama mweka hazina alisimama akasoma majina ya wanaodaiwa, na jina la kaka likasomwa pamoja na kiasi anachodaiwa. Mtu mmoja alirekodi, akatuma kwenye kundi la WhatsApp, na siku ya tatu yake sauti ile ilikuwa imefika Chogo. Mama yetu aliisikia kwa jirani. Kaka alilipa deni lote mwezi uleule, kisha akajitoa. Neno lake ni moja tu: "Wamenizikia mke, halafu wamenianika."

Tangu hapo hana anakokwenda isipokuwa kazini. Binti yake ndiye mkalimani wake hospitali, shuleni kwa wadogo zake na katika ofisi ya nyumba, na mara nyingine hukosa masomo kwa ajili hiyo. Hospitali humletea kaka mkalimani wa Kisomali cha Mogadishu, ambacho hukielewa nusunusu, wakati sisi nyumbani tunasema Kizigua, na Kiswahili alikijua vizuri Kakuma. Hajaomba uraia hadi leo kwa sababu anauogopa mtihani wa Kiingereza, na bila pasipoti anaogopa kusafiri. Mama ana zaidi ya miaka 75, na hawajaonana tangu vita vile.

Sasa mwenyekiti wa chama amenipigia simu mara mbili akiniomba nimshawishi kaka arudi. Majirani zangu wananionya nisijiingize, kwa kuwa vyama vya ughaibuni ni vya kula fedha za watu, na tena wanasema Mzungu ana ofisi zake za kuwasaidia wakimbizi. Nikimwambia kaka arudi, atasema nimeungana na waliomwaibisha. Nikinyamaza, ninawahofia watoto. Nifanye nini?

Dada wa Mbali,
Ngamiani, Tanga

*

Marahaba, mwanangu, wa alaykum salaam, na Mwenyezi Mungu amrehemu wifi yako.

Nitakupa jibu kwanza, maelezo yafuate. Usimwambie kaka yako arudi kwenye chama. Mwambie mwenyekiti kwamba chama ndicho kinachopaswa kumwendea kaka yako, na wakati wakijipanga kufanya hivyo, wewe msaidie kaka katika mambo mawili yasiyohitaji kumngoja mwenyekiti, yaani mkalimani wa hospitali na suala la uraia.

Watu wale walimzika mwanamke ambaye nyumba yake ilidaiwa miezi minane, wala hawakusubiri deni lilipwe ndipo kaburi lichimbwe. Sisi tulio huku tunaweza kulichukulia hilo kuwa jambo la kawaida, kwa sababu mtaani kwetu jeneza hutoka msikitini na kaburi huchimbwa na vijana wa jirani. Kule kaburi hununuliwa, gari la maiti hulipiwa, na mfanyakazi wa ghalani anayekosa zamu tatu kwa ajili ya msiba wa mwenzake hupoteza ujira wa siku tatu. Kwa hiyo wema waliomtendea ulikuwa wema mzito. Kisha watu walewale walisimama wakamsomea mfiwa deni lake hadharani, eda ya machozi haijaisha, na mmoja wao akamrekodi. Kaka yako anapolitaja la kwanza na la pili katika sentensi moja, hasemi uongo wala hakosi shukrani. Yote mawili yalitokea.

Ninalijua jambo hili kwa karibu. Baba yangu alikuja Tanga kutoka Kigoma akiwa manamba, akakata mkonge katika shamba moja la upande wa Muheza mpaka nguvu zilipomwishia. Watu wa kwao walikuwa na chama chao cha kuzikana, kwa sababu mtu aliyekufa shambani mbali na ndugu alikuwa hana wa kumlilia isipokuwa hao. Mwenye kitabu cha chama alikuwa mzee asiyejua kuandika zaidi ya majina na alama za mistari. Baba alipofariki nyumba yetu ilidaiwa. Mzee yule alikuja baada ya arobaini, jioni, peke yake, akaketi mkekani na mama, akamfungulia kitabu, akamwambia kwamba deni la marehemu limefutwa na mchango wa mjane utaanza mwezi utakaofuata kama ataweza. Hakuna jirani aliyejua. Mama aliutoa mchango ule mpaka uzee wake, na kila alipoutoa alivaa khanga safi, kama anayekwenda kwenye shughuli ya heshima. Ninakusimulia haya kwa sababu kaka yako hakuumizwa na kuwa na chama. Aliumizwa na namna kitabu cha chama kilivyofunguliwa, na kitabu kinaweza kufunguliwa kwa namna nyingine.

Sasa niwajibu majirani zako, maana wana nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba Marekani kuna mashirika ya kupokea wakimbizi yanayofanya kazi kwa sheria na fedha za serikali, na sheria yenyewe ni ya mwaka 1980. Shirika hilo humpokea mkimbizi uwanja wa ndege, humtafutia nyumba, humwandikisha mtoto shule na humpeleka kwa daktari. Lakini huduma ile ya mapokezi imepangiwa siku 90 tu. Baada ya hapo mtu anatakiwa ajitegemee, alipe kodi ya nyumba, na arejeshe kidogokidogo mkopo wa nauli ya ndege uliomleta, kwa maana nauli ile si zawadi. Hebu fikiria mtu aliyekulia kando ya Juba, akakaa miaka kumi kambini, anapewa miezi mitatu kuuelewa mji wenye theluji na barua zote za Kiingereza. Kaka yako ni miongoni mwa Wabantu wa Somalia wapatao 12,000 ambao Marekani ilikubali mwaka 1999 kuwachukua, wakatawanywa katika miji mingi ambako hawakuwa na hata babu mmoja wa kuwatangulia.

Katika pengo hilo, baada ya siku ya 90, ndipo vyama vya wahamiaji wenyewe vilipozaliwa. Wahabeshi waliokimbia nchi yao walianza mapema: wakimbizi wa Ethiopia walianzisha African Services Committee mjini New York mwaka 1981, na Waethiopia wa Chicago wakaanzisha chama chao cha jamii mwaka 1984. Ninyi Wazigua wa Juba mlifuata baada ya 2004. Huko Lewiston, katika jimbo la Maine, watu wenu wana chama ambacho pamoja na ukalimani na masomo ya watoto kina mashamba ya pamoja, na mahindi wanayolima ni yale magumu ya kusagwa unga, si yale matamu ya Kimarekani. Habari hiyo ilinigusa sana nilipoisoma, kwa sababu mahindi ya unga ndiyo yanayolimwa Handeni mpaka leo. Masimulizi yenu yenyewe yanamtaja mwanamke, Wanakhucha, aliyewaongoza mababu zenu kutoroka utumwani na kufanya makazi katika msitu wa Juba. Kukimbia pamoja na kusimamisha kijiji upya ni jambo ambalo ukoo wenu umelifanya zaidi ya mara moja.

Tena majirani wajue kwamba zile ofisi wanazozisema zimepungukiwa sana. Mnamo Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi, fedha za mashirika mengi zikakatwa na wafanyakazi wakaachishwa kazi. Mzigo ambao ofisi zimeutua umeangukia vyama, na viongozi wa vyama hivi mara nyingi ni watu waliotoka zamu ghalani, wanaojibu simu za wenzao saa nane za usiku bila mshahara. Sisemi hili ili kumtetea mweka hazina. Ninasema ili ujue kwamba aliyekosea huenda alikosea kwa uchovu na kutojua kanuni za mikutano, na kosa la namna hiyo linarekebishika.

Kuhusu kula fedha, vipo vyama vilivyoliwa, huku kwetu na huko kwao, na mwenye hofu hana kosa. Lakini mtu hana haja ya kubahatisha. Chama kilichosajiliwa Marekani kuwa cha hisani kisicholipa kodi hutakiwa kupeleka taarifa kwa mamlaka ya kodi kila mwaka. Kikubwa huonyesha mapato, matumizi na majina ya viongozi, na kidogo sana hupeleka tamko fupi tu, lakini taarifa hizo ni za wazi, na mwananchi yeyote ana haki ya kuziona. Binti wa miaka 16 anaweza kuzitafuta kwenye intaneti kwa dakika chache. Chama ambacho hakijasajiliwa si lazima kiwe cha wezi, kama vile upatu wenu wa Ngamiani haujasajiliwa popote na kijumbe wenu mnamwamini. Hapo kinachotazamwa ni kama hesabu husomwa mbele ya wanachama, kama fedha hutunzwa na watu zaidi ya mmoja, na kama anayeuliza hunyamazishwa. Na ikumbukwe kwamba kusoma hesabu za chama ni jambo moja, na kusoma deni la mtu mmoja kwa jina lake ni jambo jingine kabisa.

Nije kwenye mkalimani, kwa kuwa hapa ndipo mtoto anapoumia. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu ya Marekani, na takribani zote hupokea, inawajibika kisheria kumpatia mgonjwa asiyejua Kiingereza mkalimani mwenye sifa, bila malipo. Kanuni hizohizo zinakataza kumtumia mtoto kuwa mkalimani isipokuwa kwa dharura inayohatarisha usalama wa mtu, wakati mkalimani hajapatikana. Kwa hiyo binti yako wa kaka hakustahili kuwa yeye ndiye anayembebea baba yake maneno ya daktari, na ninasikitika kwamba huenda ndiye aliyembebea hata yale ya mama yake. Tatizo la lugha nalo lina dawa rahisi. Hospitali ilimwona kaka yako ametoka Somalia, ikaandika Kisomali. Yeye aombe faili lake libadilishwe liandikwe "Swahili," neno ambalo hata karani asiyejua chochote kuhusu Juba atalielewa, kwa sababu wakalimani wa Kiswahili ni wengi nchini humo na wengi hufanya kazi kwa simu, hivyo hata kama mji hauna mtu, simu inaye. Aombe hivyohivyo shuleni, maana shule za umma nazo zinatakiwa kuzungumza na mzazi kwa lugha anayoielewa.

Kuhusu uraia, mpe kaka yako habari hii polepole, maana imekuwa imefichika kwake kwa muda sasa. Sheria ya uraia ya Marekani inamwondolea mtihani wa Kiingereza mtu aliyefikisha miaka 50 ambaye amekuwa mkaazi wa kudumu kwa miaka 20 au zaidi. Mtu huyo bado huulizwa maswali ya historia na serikali ya nchi ile, lakini huulizwa kwa lugha yake kupitia mkalimani. Kaka yako ana miaka 52. Aliingia mwaka 2004, na kwa kawaida mkimbizi akipewa kadi ya ukaazi wa kudumu, tarehe ya ukaazi hurudishwa nyuma hadi siku aliyoingia nchini. Aitoe kadi yake aitazame, tarehe imeandikwa hapo. Ikiwa ni ya 2004, basi ule mlima aliouogopa miaka yote hii umekwisha kusawazishwa.

Hata hivyo asikimbilie kujaza fomu. Mnamo Desemba 2025 idara ya uhamiaji ya Marekani ilitangaza kwamba inasitisha ushughulikiaji wa maombi ya watu wa nchi 19, Somalia ikiwamo, na mambo ya aina hii hubadilika bila hodi. Kwa sababu hiyo mtu wa kwanza wa kumwona ni mwanasheria wa uhamiaji, au mwakilishi asiye mwanasheria aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, ambao wengi hufanya kazi katika mashirika ya hisani kwa ada ndogo au bila ada. Amwulize kuhusu kadi yake, kuhusu wakati mzuri wa kuomba, na kuhusu safari ya Tanzania kabla hajakata tiketi, kwa maana kutoka nje ya nchi ile si jambo la kufanya kwa kukisia mwaka huu. Columbus si mji mkavu wa msaada: kuna Community Refugee and Immigration Services, na kuna Ethiopian Tewahedo Social Services, ambalo lilianzishwa na Waethiopia na leo linahudumia watu wa mataifa mengi. Akishindwa kujua pa kuanzia, namba ya simu 211 humwelekeza mtu kwenye huduma za kijamii za eneo lake, naye aseme tu anataka Kiswahili.

Hapa nakuomba uwe mkali kidogo kwa niaba yake. Kiongozi wa chama, hata awe mwema namna gani, asimjazie fomu za uhamiaji kama hana idhini hiyo. Kosa la mwaka mmoja katika tarehe linaweza kumgharimu mtu ukaazi wake. Chama ni mahali pa kumpata mtu wa kukusindikiza ofisini, wa kukuazima gari, wa kukuketia na watoto unapohojiwa, wa kukufundisha yale maswali ya historia kwa Kizigua mkinywa chai. Kazi ya sheria ina wenyewe.

Turudi kwa mwenyekiti. Atakapokupigia tena, usimpe ahadi wala usimfokee. Mwambie kwa adabu kwamba kaka yako hakutoka kwa sababu ya fedha, kwani alilipa mpaka senti ya mwisho. Alitoka kwa sababu ya sauti ile. Mwombe aende nyumbani kwake akiwa na mweka hazina, wawili tu, mchana wa siku asiyofanya kazi, simu zao wameziacha garini, na wamwombe radhi kwa kinywa chao bila kutaja neno la kurudi. Kwa kuwa aibu ilikuwa ya hadharani, itafaa radhi nayo isikike mkutanoni, lakini wamwulize kwanza kama anataka jina lake litajwe tena mbele za watu, maana wapo wanaoumia upya. Kisha chama kiweke kanuni mbili na kuziandika: anayedaiwa huambiwa faraghani, na mfiwa hadaiwi kabla ya muda watakaokubaliana. Mwenyekiti aliyekupigia mara mbili kutoka ng'ambo anaonekana kuwa mtu mwenye dhamira. Mpe kazi ya kufanya badala ya kumpa kaka yako.

Wakikataa, au wakienda na kaka yako asiwakubali, usilie. Anaweza kusoma katika shirika moja, kuswali na watu wengine, na kukaa na Wakongo wanaosema Kiswahili mjini humo, pasipo kurudi katika chama kile kamwe, nami sitamwona amekosea. Kitu kisichokubalika ni kimoja tu, kwamba watoto watatu wakue katika nyumba ambayo haigongwi hodi na mtu mzima yeyote.

Kuna sehemu ya jambo hili iliyo mikononi mwako wewe, wala haiko Ohio. Sauti ile haikujipeleka Chogo yenyewe. Aliyeipokea na kuisikilizisha jirani ni mtu wetu, wa huku, na huenda simu yake ingali na sauti hiyo. Nenda Chogo. Kaa na wazee wawili watatu unaowaheshimu, uwaeleze kwamba mtoto wa pale amefiwa na mkewe ugenini na anaona haya kupiga simu nyumbani, na uwaombe wakemee ili habari ile isisimuliwe tena. Kisha kaa na mama. Barua yako inasema aliisikia habari ile kwa jirani, lakini haisemi kama amewahi kumwambia mwanawe kwamba aliisikia. Nadhani hilo ndilo jiwe lililo kifuani mwa kaka yako: si mkutano, ni kwamba mama yake anajua, na yeye hajui mama analionaje.

Kwa binti, mpigie peke yake, si kwa simu ya baba yake. Usimpe ujumbe wa kupeleka kwa baba, kwa maana amebeba ujumbe wa kutosha. Mwulize habari za shule na za mama yake, na umwache aseme kwa Kiswahili chake kilichochanganyika, bila kumsahihisha.

Halafu Jumapili, ukiwa Chogo, piga simu kwa kaka yako saa kumi na mbili jioni. Kwake itakuwa saa nne au saa tano asubuhi kulingana na majira yao, naye atakuwa hajaenda kazini. Usizungumze wewe. Mpe mama simu, na mama aanze kwa kumpa mwanawe pole ya mkewe, kwa jina la mkewe, kama vile msiba umetokea jana.